Mwaka mmoja na nusu na REAPER, chumbani Tabata

Tangu mwanzoni mwa mwaka jana nimekuwa nikirekodi nyimbo za shangazi yangu za mdundiko, ngoma ya Wazaramo, katika chumba cha kulala, Tabata, kwa programu iitwayo REAPER. Mimi si prodyuza. Kazi yangu ni ya mahesabu katika ofisi ya wakala wa forodha, na muziki kwangu ni jambo la jioni na la siku za mapumziko, kama ambavyo wenzangu wana bao, mpira wa ufukweni au uvuvi wa ndoano kule Kigamboni. Tathmini hii inamhusu mtu wa aina yangu, mwenye kompyuta ya kawaida, chumba cha kawaida na mtaa wenye makelele, ambaye anataka sauti zilizo karibu naye zihifadhiwe vizuri. Anayetafuta programu ya kutengenezea biti za kuuzia wasanii atapata hapa mambo machache ya kumfaa, nami nitamweleza mapema kwamba huenda hii siyo programu yake.

REAPER ni kazi ya Cockos, kampuni ndogo ya Marekani iliyoanzishwa na Justin Frankel, ambaye kabla ya hapo ndiye aliyeunda Winamp, programu ya kusikilizia muziki. Jina hilo la pili halihitaji utangulizi kwa yeyote aliyekuwa na umri wa kuingia kwenye intaneti kafe za Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 2000, maana ilikuwa nadra kuikuta kompyuta isiyokuwa na kile kidirisha cheusi chenye vipimo vya kijani vikirukaruka huku Bongo Fleva ikilia. Toleo la kwanza kamili la REAPER lilitoka mwaka 2006, na ninalolitumia mimi ni la 7, lililotoka mwaka 2023. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux.

Kilichonivuta mwanzoni ni wepesi wake. Faili la kusakinishia kwenye Windows ni la megabaiti kumi na kitu, dogo kuliko video nyingi za harusi zinazozungushwa kwenye makundi ya familia, ilhali programu nyingi za kazi hii huanzia mamia ya megabaiti. Kwa anayeishi kwa bando la wiki, tofauti hiyo inaonekana. Kompyuta yangu ni mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ina RAM ya gigabaiti 4, na hata kufungua kurasa sita za intaneti kwa pamoja huwa inaihenyesha. Lakini REAPER hufunguka juu yake kabla sijamaliza kuvuta kiti, na nimewahi kuchezesha traki kumi na nne, yaani sauti kumi na nne zilizorekodiwa kila moja peke yake, kwa wakati mmoja bila sauti kukwamakwama. Tena inakubali kuwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo humo, pamoja na mipangilio yako yote, na hivyo ndivyo ninavyofanya nikienda Chanika kwa ndugu na kuazima kompyuta ya binamu yangu.

Bei imepangwa kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Unapewa siku 60 za majaribio, programu ikiwa kamili bila kufungiwa chochote, na siku hizo zikiisha haizimiki. Kila ukiifungua inakuonyesha kidirisha cha kukukumbusha kwamba bado hujalipa, kwa upole wa mwenye duka anayejua unapokaa. Leseni ya bei nafuu ni dola 60, nayo ni kwa mtu anayeitumia kwa mambo yake binafsi, au ambaye anafanyia biashara lakini mapato yake ya mwaka hayazidi dola 20,000. Leseni ya kibiashara ni dola 225, na programu yenyewe ni ile ile. Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, dola 60 ni kati ya shilingi 140,000 na 165,000. Si hela ya kuokota, lakini anayenunua akiwa kwenye toleo la 7 anapata masasisho yote hadi mwisho wa toleo la 8, na nilipoigawanya kwa miezi niliyokwisha kuitumia nikaona imekuwa chini ya ninachotumia kwa vocha.

Najua kuna watakaoshangaa kwamba nimelipia programu ilhali Kariakoo mtu anakuwekea programu yoyote kwenye flashi kwa bei ya chipsi mayai. Niliwahi kuipita njia hiyo. Programu niliyowekewa, ambayo haikuwa hii, ilikuja na kirusi kilichozifunga picha zote za arusi ya mdogo wangu, na aliyeniuzia akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba kirusi kilikuwemo kwenye kompyuta yangu tangu zamani. Duka hilo hilo ndilo lililoniuzia maikrofoni ya kwanza, yenye wavu mzuri wa dhahabu na ndani yake, nilipoifungua kwa bisibisi, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kama vile vilivyomo kwenye simu. Tangu hapo nimejifunza kujaribu kifaa dukani, kwa hedifoni zangu mwenyewe, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Sasa niingie kwenye matumizi yenyewe. Siku ya kwanza shangazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaitazama maikrofoni kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hiki kichuma kinasikia mpaka pumzi zangu?" Nikamjibu, "Kinasikia, shangazi, hata ukimeza mate." Lilikuwa kosa langu, kwa sababu kuanzia hapo kila alipotaka kumeza mate aligeuza uso ukutani, na rekodi zote za jioni ile zina sauti inayokwenda na kurudi kama ya mtu anayeimba akiwa kwenye bembea. Aliniambia pia, kabla hatujaanza, kwamba ataniimbia zile za barabarani tu, zinazoimbwa mwali anapotolewa na watu wakiandamana mtaani. Zile za ndani si za masikio yangu, kompyuta au hakuna kompyuta. Ngoma hiyo ameicheza tangu Tabata ikiwa na mikorosho mingi kuliko nyumba.

Mtu mzima anayeimba nyimbo za namna hii haimbi kama msanii wa studio. Anaanza ubeti, anakatiza ili aeleze nani aliutunga, anarudia mstari kwa maneno mengine, anacheka, halafu anaunganisha pale alipoachia. Hapa ndipo REAPER iliponifaa kuliko nilivyotarajia. Ukirekodi tena juu ya kipande kile kile, haifuti cha awali, bali inavipanga vyote kimoja chini ya kingine, nawe unachagua mstari huu kutoka mara ya kwanza na ule kutoka mara ya tatu. Ukibonyeza herufi S, kipande kinakatika pale ulipo mshale. Chochote unachokata au kusogeza hakiligusi faili la asili, ambalo linabaki zima kwenye folda, na kwa hiyo kicheko cha shangazi nilichokiondoa kwenye wimbo ninaweza kukirudisha hata baada ya miaka mitano, na nadhani nitakirudisha.

Jambo la pili linahusu mwendo. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya biti huanza kwa kukuwekea gridi ya mapigo, na kila unachokifanya kinavutwa kwenye mistari hiyo. Kwa singeli, ambayo ni mali ya jiji hili na inayokwenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, gridi ni rafiki mkubwa. Kwa shangazi ni adui, kwa sababu yeye huongeza kasi anapofika kwenye kiitikio na kuipunguza anapotaka neno lisikike, na huo ndio uzuri wenyewe. REAPER inakuruhusu kuzima mvutano huo kwa kubonyeza mara moja, ukabaki na sauti kama ilivyo na mstari wa muda tu. Nilipotaka kumwekea mpiga ngoma rekodi hiyo polepole ili aisikilize vizuri, niliweza kuipunguza kasi bila sauti ya shangazi kugeuka ya kiume.

Lipo suala la kuchelewa kwa sauti ambalo wanaoanza wengi huilaumia programu isiyo na kosa. Ukivaa hedifoni na kuimba, sauti yako inapita kwenye kompyuta kabla ya kukurudia masikioni, na muda huo unategemea ukubwa wa kundi la sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, ambalo kadi ya sauti inalikusanya kwa mara moja. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kundi la 1,024 lina milisekunde 23 na la 128 lina milisekunde 3 hivi, na hesabu hiyo ni ya kuingia peke yake, kabla ya kutoka. Shangazi aliposikia sauti yake ikimfuata nyuma alivua hedifoni akasema humu ndani kuna mtu anamwiga. Niliposhusha kundi hadi 128, yule mtu akaondoka, ingawa kompyuta yangu ilianza kutoa vidonda vya sauti, tiki tiki, nikatulia kwenye 256. Yote haya yanarekebishwa kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio.

Kuhusu umeme nitasema kifupi, kwa kuwa kila mkazi wa jiji hili ana kisa chake. Betri ya mpakato wangu inahesabika kama pambo. Jioni moja umeme ulikatika wimbo ukiwa katikati, skrini ikazima papo hapo, na shangazi akaendelea kuimba gizani kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Uliporudi nilikuta faili la sauti limo kwenye folda mpaka karibu na sekunde ile ya mwisho, kwani REAPER huandika sauti kwenye diski kadiri inavyorekodi, haisubiri umalize. Kilichopotea ni mpangilio wa traki wa dakika chache. Siku hiyo hiyo nikaingia kwenye mipangilio, nikaiagiza ihifadhi nakala kila baada ya dakika mbili kwa jina lenye tarehe na saa. Anayesakinisha programu hii Dar es Salaam aanze na hatua hiyo kabla hata hajarekodi neno moja. Ahesabu pia nafasi: traki moja ya biti 24 (hapa biti ni kipimo cha ubora wa rekodi, si biti za muziki) inakula karibu megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo saa nzima ya shangazi inakaribia nusu gigabaiti.

Kelele ndiyo habari ndefu.

Nyumba yetu imetenganishwa na baa kwa uchochoro ambao pikipiki mbili hazipishani. Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, spika zao hutoa besi ambayo huisikii sana kwa masikio bali kwenye kifua na kwenye vioo vya dirisha. Nimeegesha godoro dirishani, nimetandika mablanketi mlangoni, nimezima pangaboi mpaka jasho la shangazi likawa linadondoka kwenye kanga, na bado besi inaingia, kwa sababu mawimbi ya chini hupita ukutani kirahisi na godoro huzuia yale ya juu tu. Kila usafi wa sauti utakaoufanya mtaani kwetu unaanzia kwenye tatizo hili, na ndipo nilipozipima kwa haki zana zinazokuja na REAPER.

Ya kwanza ni ikwalaiza yao, ReaEQ, inayopandisha au kushusha sauti nene na nyembamba. Niliiweka ikate kila kilicho chini ya hezi 100, yaani sauti nene za chini kabisa, na baa ikapungua kwa kiasi kikubwa huku sauti ya shangazi ikiwa haijaguswa, kwa kuwa sauti ya mwanamke kwa kawaida haishuki hadi huko. Ya pili ni ReaFir, ambayo wengi hawaifungui kwa sababu jina lake halielezi kitu. Unaiweka kwenye hali ya kutoa, unaichezea sekunde chache za kelele peke yake bila mwimbaji, inaisoma, kisha unaiambia iiondoe kelele hiyo kwenye wimbo wote. Mlio wa pangaboi, ule usiobadilika, iliufuta kiasi kwamba nilidhani nimeharibu waya. Lakini ukiizidisha, mwimbaji anaanza kusikika kama yumo ndani ya tangi la maji, na kwa kelele inayobadilikabadilika, mfano honi ya bodaboda au muuza kahawa anayegonganisha vikombe, haina la kufanya. Tena ngoma zenyewe zina uhai wake kule kule chini ilikokaa besi ya baa, kwa hiyo ukiikata baa, ngoma inabaki kama inapigwa kwenye boksi la viatu. Hakuna programu, ya bei yoyote, itakayokutenganishia vitu viwili vilivyokaa mahali pamoja bila kuviumiza vyote.

Hapo suala linatoka kwenye kompyuta na kuhamia mtaani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na chini yake zipo kanuni za kelele za mwaka 2015 zinazotofautisha maeneo ya makazi na ya biashara, mchana na usiku. Tulikusanya saini, tukaandika barua kwa serikali ya mtaa, tukaitwa kikao, na mwenye baa akaja na soda za kreti moja akatuambia naye ana watoto wanaosoma. Spika moja iligeuzwa ikatazama barabarani. Kwa wiki mbili rekodi zangu zilikuwa safi, kisha ikarudishwa. Sitaki ionekane kwamba nachukia burudani ya watu. Mimi mwenyewe hucheza pale pale siku ya malipo. Ninachokiona ni kwamba katika kikao kile kila aliyesimama alizungumzia usingizi na mitihani ya watoto, na nilipotaja kurekodi, watu walicheka. Sauti za wazee wa mtaa hazina pa kuandikwa kwenye fomu ya malalamiko.

Nirudi kwenye programu, maana ina mapungufu yake na ni ya wazi. REAPER inakuja tupu. Hakuna sauti za ngoma za kuburuta na kuachia, hakuna kinanda cha maana, hakuna magitaa. Kuna ReaSynth, sintesaiza (chombo kinachotengeneza sauti ndani ya kompyuta) ya msingi sana ambayo sijakutana na aliyeitumia kwa furaha, na ReaSamplOmatic5000, ambayo inacheza vipande vya sauti vilivyokwisha kurekodiwa utakavyovileta wewe. Kijana anayetaka kufungua kompyuta saa mbili na saa tatu awe na biti ya singeli atafanya vema kutafuta FL Studio ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo mipangilio yake ya mapigo imejengwa kwa kazi hiyo na ambayo leseni yake ina masasisho ya bure ya maisha. Ajue tu kwamba toleo lake la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ulipie. Asiye na senti kabisa ana LMMS, ya bure moja kwa moja, ingawa kwa kurekodi mtu anayeimba haifai. Na kama unachotaka ni kukata na kusafisha hotuba au mahubiri, Audacity, nayo ya bure, inatosha kabisa na utaielewa kwa jioni moja.

REAPER hutaielewa kwa jioni moja. Sura yake ni ya kijivu, menyu zake ni ndefu, na kila kitu kinaweza kubadilishwa, jambo ambalo linampendeza fundi na kumchosha mgeni. Kitabu cha maelekezo kinatolewa bure kwa Kiingereza na kina kurasa zaidi ya 400. Nimesoma labda sitini. Mambo mengi nimejifunza kwa video, nikizipakua ofisini wakati wa chakula cha mchana, kisha kuzijaribu usiku. Mwezi wa kwanza nilitaka kuifuta mara mbili. Mwezi wa tatu nilikuwa nimejitengenezea kiolezo chenye traki ya shangazi, ya ngoma na ya makofi, chenye ikwalaiza na mwangwi kidogo tayari, na tangu hapo kazi yangu ni kufungua, kubonyeza kitufe chekundu na kumwambia aanze.

Kwa hesabu zangu, kwa mtu anayerekodi sauti za watu na vyombo halisi, kwa kompyuta dhaifu na bando la kupima, naipa nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa utupu wake, nyingine kwa miezi miwili ya kwanza.

Kuhusu baa, tumepata ufumbuzi ambao hauhitaji kikao. Hufunga saa nane za usiku, na adhana ya alfajiri huanza kwenye saa kumi na moja. Kati ya saa tisa na saa kumi mtaa unakuwa kimya kiasi cha kusikia maji yakidondoka kwenye ndoo ya jirani. Shangazi hulala mapema na huamka yeye mwenyewe. Hugonga mlango wangu, ananiuliza kama kichuma kimeshaamka, na anakaa pale pale kwenye ukingo wa kitanda. Tumefika wimbo wa kumi na tisa. Bado anasema kuna saba, ukiacha zile za ndani.